Sumbawanga na uchawi wa wino: Jinsi mafundi wa mtaani walivyoipiga bao biashara ya printa

Vijana wa Dar wana utani wao kuhusu Sumbawanga ambao hauchakai. Ukitaja tu kwamba unasafiri kwenda huko, mtu anakuuliza kama umeaga nyumbani. Jina lenyewe la Kifipa hufasiriwa "tupa uchawi", yaani aliyekuja na mambo yake ayaache nje ya mji, lakini mitandaoni limegeuzwa kinyume chake.

Basi kuna uchawi mmoja ambao upo Sumbawanga kama ulivyo Sinza, Mwanza na Nairobi. Printa ndogo ya bei poa inanunuliwa, inawekwa sebuleni, familia nzima inafurahi. Inachapa kurasa mia na kitu, wino unakata. Mwenye nayo anaenda kuulizia katriji mpya, nyeusi na ya rangi, anakuta bei ya zote mbili inaikaribia bei ya printa yenyewe.

Hapo hakuna aliyeloga mtu. Ni biashara iliyopangwa tangu kitambo, na kuijua historia yake kunaweza kumwokolea mtu mkwanja mrefu.

Jembe halikuwa na katriji

Ufipa ni uwanda wa juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika upande mmoja na bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili. Zamani wenyeji wake walisifika kwa kufua chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayomzidi mtu kimo, wakayeyushia humo mawe ya chuma. Udongo wao, mkaa wao, mawe yao, ufundi wao. Jembe likishatoka kwa mhunzi, mwenye nalo halirudishi kwa mtu ili liendelee kulima.

Karatasi na wino vilikuja kwa mtindo tofauti kabisa. Mwaka 1885 mapadri wa White Fathers walichukua kituo cha Karema, ziwani, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kutoka kandokando ya ziwa, misheni zikapanda hadi Ufipa. Vitabu vya shirika hilo kwa lugha za Kiafrika vingi vilichapwa Algeria, yalikokuwa makao yake makuu. Baadaye kiwanda cha misheni cha TMP kule Tabora kikawa jina kubwa kwa vitabu vya Kiswahili. Ukiwa Ufipa, maneno yaliyochapwa yalikuwa mzigo wa kusubiri.

Na mzigo ulichelewa kweli. Tawi la reli ya kati likaishia Mpanda. TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970 ikapita Tunduma na kuendelea Zambia. Ufipa ikabaki katikati, bila reli, na barabara ya vumbi hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 200. Lami ya barabara hiyo ilikuja baadaye sana, kupitia mpango wa MCC wa Marekani uliosainiwa mwaka 2008. Kila rimu na kila chupa ya wino iliyofika mjini kabla ya hapo ilikuwa imekula vumbi la kutosha.

Wenye mashine walikuwa mabosi

Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulizaliwa, Sumbawanga ikawa makao makuu. Mkoa ni ofisi, na ofisi ni karatasi. Zama hizo nchi nzima ilitegemea taipureta na mashine ya kudurufu. Asili ya mashine hiyo ni jamaa mmoja mzaliwa wa Hungary aliyehamia London na kusajili uvumbuzi wake mwaka 1881: unakata herufi kwenye stensili, wino unapenya kwenye matundu, nakala zinatoka moja baada ya nyingine. Mitihani ya shule, matangazo ya mikutano, barua za chama, vyote vilipita humo. Aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha kudurufia aliheshimiwa mpaka na walimu wakuu.

Fotokopi nayo ina shujaa wake. Mfanyakazi mmoja wa idara ya hataza ya kampuni, New York, alichoka kunakili nyaraka kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 1938 akafanikiwa kupata nakala kavu ya kwanza kwenye chumba cha kupanga. Alibisha hodi kwenye makampuni zaidi ya 20, yote yakamtolea nje. Mashine yake ilikuja kuwa dili mwaka 1959, chini ya jina la Xerox.

Kwa mtu wa kawaida wa Sumbawanga, teknolojia hiyo ilifika kwa sura ya steshenari. Kijumba kimoja, kompyuta moja, printa, mashine ya kopi na dada mwenye kasi ya ajabu kwenye kibodi. Steshenari zimebeba ndoto za watu wengi: barua za kazi, fomu za mkopo wa chuo, kadi za michango ya harusi.

Sindano iliyotema wino

Printa ya wino ya nyumbani ilianza kwa bahati tu. Mwaka 1977, kwenye maabara ya Canon huko Japani, mtafiti mmoja aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemea kwenye sindano yenye wino. Wino ukaruka. Wengine wangefuta meza na kuendelea na kazi, ila yeye akajiuliza: kama joto linarusha wino, kwa nini tusiliamrishe lirushe tone moja moja mpaka liandike herufi?

Marekani nako, mwaka 1979, wahandisi wa HP wakafikia wazo lilelile kwa njia yao. Mwaka 1984 HP ikatoa ThinkJet, na mwaka 1988 ikatoka DeskJet ya kwanza kwa karibu dola 1,000. Epson walikwenda kivyao: badala ya joto, wakatumia kipande kinachojikunja umeme ukipita na kuusukuma wino utoke.

Bei zikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka printa ya wino ikauzwa chini ya dola 100. Watu wakashangilia. Mtego ukawa umekamilika.

Makampuni yalikuwa yamegundua kwamba hayahitaji faida kwenye printa. Iuze kwa bei ya kutupa, halafu mteja utamkamata kwenye wino, kila baada ya wiki chache, miaka nenda rudi. Wateja walipoanza kujaza katriji wenyewe kwa bomba la sindano, zikawekwa chipu za kutambua katriji ngeni. Kampuni ya Lexmark ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani kudai kwamba hataza zake zinaendelea kuibana katriji hata baada ya kuuzwa. Mwaka 2017 ikashindwa. Majaji walisema ukishauza kitu, hataza yako juu ya kitu hicho imekwisha. Hata hivyo, chipu hazikuondoka.

Mafundi wa Indonesia wapindua meza

Pigo kubwa zaidi lilitoka mtaani. Kule Indonesia mafundi wasiojulikana majina walichoka na bei za katriji. Wakachukua printa za kawaida, wakatoboa, wakapitisha mipira myembamba, wakaning'iniza matangi ya wino pembeni. Mashine ikaonekana kama mgonjwa mwenye dripu, lakini ikachapa maelfu ya kurasa kwa wino wa bei chee. Steshenari na wanafunzi wakazigombania.

Epson ingeweza kuendelea kupambana nao. Badala yake, mwaka 2010, ilianzia sokoni hukohuko Indonesia kuuza printa yenye matangi ya kiwandani, ile familia ya L ambayo leo ipo kwenye steshenari nyingi za Tanzania. Printa ikawa ghali kidogo, wino ukawa wa chupa. Ndani ya miaka michache Brother, Canon na HP nao wakatoa za kwao. Mashine za matangi zilizopo leo madukani zina deni kwa wale mafundi wa uchochoroni. Hakuna anayewataja kwenye boksi.

Waya nao ukaondoka

Kanuni za kwanza za Wi-Fi zilitoka mwaka 1997. Mwaka 2010 Apple ikaleta AirPrint, simu ikaweza kuchapa bila kompyuta. Mwaka huohuo ikaja Wi-Fi Direct, inayounganisha simu na printa moja kwa moja.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Printa isiyo na waya haihitaji bando. Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja. Kwa Wi-Fi Direct, simu na printa zinazungumza zenyewe hata kama nyumba haina ruta na laini haina hata MB moja. Kwa mwalimu anayeandaa mtihani kwenye simu, hilo ni jambo kubwa. Jambo jingine la kuangalia kwa nyumba zenye ruta: printa nyingi za bei nafuu hushika masafa ya 2.4 GHz tu, hivyo ruta ikiwekwa 5 GHz peke yake, printa itakaa inatafuta mtandao mpaka asubuhi.

Sasa tupige hesabu

Katriji ndogo nyeusi kama HP 123 ya kawaida imekadiriwa kiwandani kuchapa kurasa 120 hivi. Rimu moja ina karatasi 500. Maana yake, kumaliza rimu moja tu kunahitaji katriji zaidi ya nne. Chupa nyeusi ya Epson 664, kwa kadirio la kiwandani, inachapa kurasa 4,000 hivi. Hizo ni rimu nane. Picha na kurasa zilizojaa rangi hula wino zaidi kwenye mashine zote mbili, lakini pengo ni lilelile.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "hii printa bei gani?" Liwe "wino wake bei gani, unachapa kurasa ngapi, na Sumbawanga unapatikana?" La tatu ndilo zito. Katriji ya kuagizwa Mbeya au Dar ina nauli na siku za kusubiri, na dirisha la maombi ya mkopo halimsubiri mtu.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitumia umeme wa kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, na kila mwenyeji anajua maana ya kukatikiwa kazi ikiwa katikati. Printa ya wino inatumia wati chache tu, wakati ya leza hula mamia inapopasha joto. Inverta ndogo na betri inaiendesha ya wino bila shida.

Mashine za matangi zina msala wao pia. Kiangazi cha Ufipa ni kikavu, na wino usipotembea hukaukia kwenye matundu, kwa hiyo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki ni dawa. Kuna sifongo ndani linalonyonya wino wa kusafishia. Likijaa, printa inagoma na fundi anahitajika. Kuisafirisha ikiwa na wino, imelazwa kwenye buti la basi, ni kuomba mafuriko. Na wino feki wa chupa isiyo na jina unaweza kuziba kichwa cha printa nzima.

Skana yake ndogo haina kilisho cha karatasi kwenye matoleo ya bei nafuu, hivyo kitabu cha kurasa 80 utakilaza ukurasa kwa ukurasa. Kwa vyeti vinne na kitambulisho, inatosha kabisa.

Nani anunue, nani asinunue

Anayechapa kurasa kumi kwa mwezi aende steshenari, aache kujitesa. Wino utamkaukia kabla hajautumia. Anayetaka ya katriji kwa sababu ni rahisi siku ya kwanza, ajue ameingia kwenye ule mpango wa kulipa kidogokidogo milele. Mwalimu, mwanachuo mwenye wenzake watatu, mama wa biashara anayetoa risiti na lebo, au nyumba yenye watoto wa shule, hao tangi linawafaa.

Kuna sababu moja nyingine, na haihusu bei. Mtu anapotuma vyeti, namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa kwa WhatsApp ya steshenari, faili hizo hubaki kwenye simu na kompyuta ya mtu mwingine. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, lakini sheria haifuti faili kwenye kompyuta ya kona. Kuskani nyumbani kunapunguza sana hatari hiyo. Anayebaki na steshenari aombe faili zake zifutwe mbele yake kabla hajalipa.

Wahunzi wa Ufipa hawakuwahi kuona printa, ila wangemwelewa fundi wa Indonesia bila mkalimani. Chombo ni chako pale tu unapoweza kukilisha mwenyewe. Printa ambayo wino wake unaamuliwa na mtu mwingine, hata ikiuzwa bei ya soda, bado ni ya kukodi.