Kifo cha Mara Mbili

Taa inawaka, feni inazunguka, kioo ni cheusi. Kuanzia mwaka 2008, hivi ndivyo laptopu nyingi zilivyofika mezani kwa fundi. Nyingine zilitoa mistari ya rangi kwanza. Fundi aliunganisha skrini ya nje. Mistari ikionekana huko pia, kioo hakina kosa: mgonjwa ni chipu ya michoro.

Julai mwaka huo, kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa na udhaifu.

Mafundi wengi walishuku lehemu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki tangu Julai 2006, na lehemu mpya ilisemekana kupasuka upesi. Basi wakapasha bodi moto, wengine katika oveni ya jikoni. Laptopu ikafufuka! Baada ya wiki au miezi, ikafa tena.

Walikuwa wametibu kiungo kisichoumwa. Nyufa zilikuwa ndani zaidi, kwenye vinundu vidogo vinavyoshikiza silikoni kwenye kitako chake. Kupata moto na kupoa kila siku kulivichosha. Joto la fundi liliviwezesha kugusana tena kwa muda tu. Dawa ilikuwa chipu nyingine, isiyo na kasoro ile.

Kwa hiyo laptopu yako ya zamani ikiwaka baada ya kupashwa moto, usishangilie. Nakili tasnifu yako usiku huohuo.