Uhisani wa pamoja Taita Taveta: fedha zikiisha, mwanamke husalia na nini?

Uhisani wa pamoja ni utaratibu ambapo wafadhili wawili au zaidi, wawe ni matajiri, wakfu, serikali au raia wa kawaida, hutia fedha zao katika mfuko mmoja na kukubaliana juu ya lengo moja, badala ya kila mmoja kuchimba kisima chake na kukiandika jina lake. Katika suala la usawa wa kijinsia, mifuko ya namna hii hudai kuwa shabaha yake ni mifumo: sheria, bajeti, mila na taasisi zinazoamua nani apate ardhi, maji, elimu na ulinzi. Kaunti ya Taita Taveta, na hasa eneo la Voi, ni mahali panapofaa kulipima dai hilo, kwa kuwa pamepitiwa na wafadhili wa kila aina.

Jina hili ni geni, lakini jambo lenyewe ni la kale. Kabla ya kuwepo kwa benki milimani Taita, kina mama walilimiana mashamba kwa zamu na kuchangiana wakati wa msiba na wa uzazi. Harambee, iliyofanywa wito wa taifa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1963, iliupa mchango wa pamoja hadhi ya siasa, na shule nyingi za Kenya zikajengwa kwa njia hiyo. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilikuwa kimekwisha kueneza vikundi vya akina mama nchini. Leo ni vigumu kumpata mwanamke mfanyabiashara katika soko la Voi au la Mwatate asiye katika chama cha kuweka na kukopeshana. Anayeuza mboga na kutoa mchango wake kila juma ni mhisani kamili, ingawa hakuna ripoti ya kimataifa inayomhesabu hivyo. Ripoti hizo humwita mnufaika.

Ili kuielewa kazi inayowakabili wahisani hapa, ni lazima kuitazama ramani. Kaunti hii ina ukubwa wa kilomita za mraba 17,084, na sehemu kubwa ya eneo hilo, takriban asilimia 62, imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Mashamba makubwa ya mkonge na ranchi yamechukua sehemu nyingine. Wakazi 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019 wamebanwa milimani na katika vipande vya tambarare ambako tembo huingia shambani usiku. Ardhi ikiwa haba namna hiyo, anayeachwa nje wakati wa kugawana huwa ni binti na mjane.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha uzito wa jambo hili. Shirika la Kenya Land Alliance lilichunguza zaidi ya hatimiliki milioni moja miongoni mwa zile zilizotolewa na serikali kati ya mwaka 2013 na 2017. Wanawake walipata asilimia 10.3 ya hati hizo. Kwa ukubwa wa ardhi, fungu lao lilikuwa asilimia 1.6 tu. Yote hayo yalitokea baada ya Katiba ya mwaka 2010 kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika umiliki wa ardhi, na miaka zaidi ya 30 baada ya Sheria ya Urithi kuanza kutumika mwaka 1981. Sheria nzuri ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsindikiza mjane hadi mahakamani, kulipia upimaji wa shamba, na kumkabili shemeji aliyekwisha kung'oa alama za mipaka. Huo ndio mfumo. Mkopo wa kununua mbuzi watano hauugusi, japo mbuzi wenyewe hawakataliwi.

Maji ni mfano mwingine. Chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na bomba hilo hupita katika kaunti ambayo wanawake wake wengi bado huyatafuta maji kwa mitungi. Mfadhili anaweza kuleta tangi. Msomaji aliyewahi kuhesabu matangi yenye majina ya wahisani kando ya barabara, baadhi yakiwa makavu, anajua mwisho wake. Swali la mfumo ni jingine: kampuni ya maji ya TAVEVO inapatiwa bajeti gani, mgawo kutoka Mzima unaamuliwa na nani, na ni wanawake wangapi walio katika meza ya uamuzi huo.

Mawazo ya aina hii ndiyo yaliyozaa mifuko mikubwa ya pamoja. Barani Afrika, Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, wenye makao yake Accra, ulianzishwa mwaka 2000 na wanawake wa Afrika wenyewe, nao hukusanya fedha kutoka kwa watoaji wengi na kuzigawia mashirika ya wanawake. Mwaka 2001 kilianzishwa chombo kingine, Urgent Action Fund-Africa, chenye makao Nairobi, ambacho hutoa ruzuku za haraka kwa watetezi wa haki za wanawake walio hatarini. Humu nchini, Wakfu wa Maendeleo ya Jamii wa Kenya, maarufu kwa kifupi KCDF, umekuwa ukihimiza tangu mwaka 1997 kwamba jamii ichangie kwanza kabla mgeni hajaongeza. Mwaka 2022 shirika la Co-Impact lilizindua Mfuko wa Jinsia likiazimia kukusanya dola bilioni moja katika muda wa miaka 10. Waliotangulia kutoa ni pamoja na Melinda French Gates, MacKenzie Scott na Tsitsi Masiyiwa wa Zimbabwe. Mfuko huo huahidi ruzuku za miaka mingi, zisizofungwa na masharti ya kila risiti, na kwa sehemu kubwa kwa mashirika yanayoongozwa na wanawake katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Ahadi ya miaka mingi si jambo dogo. Mradi wa kawaida wa mfadhili mmoja huwa na maisha ya miaka miwili au mitatu. Mwaka wa kwanza huishia katika semina, wa mwisho katika ripoti. Hakuna mila iliyowahi kubadilika kwa kalenda hiyo.

Mila ya ukeketaji ndiyo inayothibitisha hoja hii Taita Taveta kuliko jambo jingine lolote. Mgeni hushangaa kusikia kwamba desturi hiyo ipo Pwani, lakini kaunti hii imo katika orodha ya kaunti 22 ambazo serikali ilizitaja kuwa na tatizo hilo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2003, takriban asilimia 62 ya wanawake wa Kitaita na Kitaveta waliohojiwa walisema wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2008 na 2009 ulipata asilimia 32, na ule wa mwaka 2014 asilimia 22.

Kwa mtazamo wa haraka, huo ni ushindi. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na kisha Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011, iliyopitishwa wakati Wizara ya Jinsia ikiwa chini ya Naomi Shaban, mbunge wa Taveta. Kulikuwa pia na fedha za pamoja: Mpango wa Pamoja wa UNFPA na UNICEF, ulioanza mwaka 2008, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, ambao umechangiwa na serikali kadhaa za Ulaya na kuziunga mkono taasisi za serikali katika nchi husika.

Hata hivyo tarakimu hizo zataka tahadhari. Utafiti huwahoji wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke aliyekeketwa mwaka 1980 hawezi kuacha kuwa amekeketwa mwaka 2008, kwa hiyo kiwango cha kundi zima hakiwezi kushuka kwa nusu katika miaka mitano kwa sababu tu mabinti wachanga wameachwa salama. Sampuli ya jamii ndogo pia huyumba. Lakini sababu nyingine ni kwamba sheria ilipokaza, ndimi zilifungwa. Imeripotiwa mara kwa mara kwamba katika sehemu za Taita desturi hii hufanyiwa watoto wachanga, kwa siri, nyumbani, ambako hakuna sherehe ya kumwamsha chifu na mtoto hana uwezo wa kusimulia. Mfuko unaopima mafanikio kwa idadi ya mikutano ya hadhara hauwezi kuliona jambo hilo. Anayeweza kuliona ni muuguzi wa kliniki ya watoto na mkunga wa kijiji, na hao wanahitaji mshahara na mafunzo kutoka kwa kaunti mwaka baada ya mwaka.

Upande wa kusini wa Voi, katika ushoroba wa Kasigau, fedha zilikuja kwa njia tofauti. Kampuni ya Wildlife Works ilianzisha shughuli zake Rukinga mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na kiwanda cha kushona nguo kilichowaajiri wanawake wa eneo hilo. Mwaka 2011 mradi wake wa kuhifadhi misitu ukawa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kaboni chini ya utaratibu ambao sasa huendeshwa na shirika la Verra. Mapato yake yamelipia karo na maji, na kamati za wakazi zimepewa sauti katika matumizi. Kisha Novemba 2023 Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, pamoja na shirika la SOMO la Uholanzi, zilitoa ripoti yenye tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wafanyakazi wa kiume wenye vyeo katika mradi huo. Kampuni ilisema uchunguzi wake ulipata makosa ya watu wawili, nao wakafutwa kazi.

Kisa hicho hakifuti karo zilizolipwa. Kinaonyesha tu kwamba ajira na fedha zinaweza kumfikia mwanamke huku mamlaka ya kumwajiri, kumpandisha cheo na kusikiliza malalamiko yake yakibaki mikononi mwa wanaume walewale. Mhisani asiyeuliza juu ya mamlaka hayo amelipa nusu ya deni.

Serikali nayo ina mifuko yake. Mfuko wa Wanawake Wajasiriamali ulianzishwa mwaka 2007, Mfuko wa Uwezo ukafuata mwaka 2014, na mwaka 2015 ukaja mfuko wa usawazishaji unaosimamiwa kupitia wawakilishi wa wanawake wa kaunti. Hii yote ni kodi ya wananchi, ingawa hundi zake hukabidhiwa mbele ya kamera kana kwamba ni sadaka. Bunge la Kaunti lina wadi 20, na Katiba hutaka wanawake wateuliwe endapo uchaguzi hautatimiza kanuni ya thuluthi mbili. Diwani mteule, hata hivyo, hana wadi, na asiye na wadi husikilizwa kwa shida wakati wa kugawa miradi.

Suala hili limekuwa la dharura zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Julai 1 mwaka huo shirika la USAID lilifungwa rasmi. Mifuko ya watu binafsi, hata ikijumlishwa yote, haiwezi kuliziba pengo la serikali kubwa kama hiyo. Kinachobaki ni bajeti ya kaunti, ambayo Katiba, katika kifungu cha 201, inataka iandaliwe kwa kuwashirikisha wananchi. Vikao vya kukusanya maoni hayo hufanyika kila mwaka kabla ya bajeti mpya kuanza Julai 1, mara nyingi mchana wa siku ya kazi, saa ambazo mama wa Sagalla au Marungu yuko njiani na mtungi. Nauli yake ya kufika kikaoni ni ndogo kuliko gharama ya bango moja la mradi, lakini ni nadra kuiona katika bajeti ya mfadhili yeyote.