Baba Alikuwa Wapi Mwaka Ule?

Mzee wa Kibukusu mwenye hadhi yake akifa, iwe Bungoma au kwenye mashamba ya Trans Nzoia, hutengwa siku moja baada ya mazishi kwa ajili ya kumuse. Msemaji hutembea huku na huko mbele ya watu waliokaa kimya, akisimulia ukoo ulikotoka, vita ulivyopigana na makosa yanayowaandama watu wake hadi leo. Si kila marehemu hufanyiwa kumuse, na si kila mwenye ufasaha huruhusiwa kuisema; Manguliechi alipata sifa kote Magharibi kwa kuimudu kazi hiyo. Katika vikao vya namna hii kijana husikia habari za vita kama vya Chetambe, karibu na Webuye, ambako mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Mwingereza Hobley liliishambulia ngome ya Wabukusu kwa bunduki za Maxim.

Naiheshimu sana mila hii kwa sababu moja. Maadamu baba yu hai, adabu humfunga mwana asimhoji. Baba akishazikwa, habari zinazotoka hutoka kinywani mwa mtu mwingine, mbele ya ukoo mzima, na mwana haachwi peke yake na uzito wake. Zamani kulikuwa na utaratibu mwingine uliotangulia huu: miongoni mwa Waluhya, wakiwamo Wabukusu, aliyeua adui vitani hakurudi tu nyumbani akaketi kula na wanawe. Alitakaswa kwanza. Kwa hiyo hata mtoto mdogo alijua kwamba baba ametoka kufanya jambo zito, na kwamba jamii imelipokea na kulishughulikia.

Vita vya wageni viliuvuruga utaratibu huo. Askari wa keya, yaani Waafrika wa jeshi la Waingereza, waliopelekwa Burma, waliopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, waliua na kuuawa mahali ambapo hapakuwa na shahidi yeyote wa ukoo. Waliporudi, mwana aliliona kabuti, akasikia habari za meli na za baridi, basi. Nao Wazungu waliopigana Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa wamegawiwa ardhi kuzunguka Kitale kwa mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa makazi wanajeshi. Mtoto wa skwota aliyekulia kwenye shamba la namna hiyo aliiona faida ya vita vya Mzungu kila asubuhi, kwa upana wa shamba lenyewe. Vya baba yake havikuwa na alama ardhini.

Pwani ungetarajia mambo yawe tofauti, kwa sababu Waswahili wana hazina kubwa ya tenzi za vita. Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya Wajerumani walipoivamia Mrima; Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Lakini tazama utenzi unaopendwa kuliko zote hizo, wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyempinga Sultani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mama anamfundisha binti dini, adabu na maisha ya ndoa, na anamkumbuka mume kwa upendo. Vita vya baba havimo katika wosia. Nauona kuwa uamuzi wa mama aliyekuwa mgonjwa na aliyejua kwamba muda wake ni mfupi. Vita vilikuwa vya baraza, vya wanaume na watunzi. Ndani ya nyumba, binti alipewa baba bila vita vyake.

Ulaya walitegemea makaratasi. Martin Pollack, mwandishi wa Austria, alichapisha mwaka 2004 kitabu kuhusu baba yake mzazi, Gerhard Bast, ofisa wa SS na Gestapo aliyekutwa amekufa karibu na mpaka wa Italia mwaka 1947. Pollack alikuwa mtoto mdogo baba alipouawa. Alimjua kupitia majalada. Hata Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, anamsafirisha kijana wa Afrika Mashariki hadi Ujerumani ili ajue yaliyompata mjomba wake aliyewahi kuwa askari wa Wajerumani. Hilo linaniuma: karatasi zinazomhusu askari wetu zimetunzwa kwa aliyemtumikisha.

Sasa rudi Magharibi mwa Kenya, hadi Mlima Elgon, kwa kuwa hapo njia zote hizi zinakwama. Mgogoro wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk, hasa kati ya Wasabaoti wa Soy na wa Mosop, ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, lililoongozwa na Wycliffe Matakwei. Kuanzia mwaka 2006 lilichoma nyumba, likakata watu masikio, na kwa makadirio ya Human Rights Watch likaua zaidi ya watu 600. Wasabaoti, Wabukusu na Wateso walikimbilia miji ya chini, Bungoma na Kitale ikiwamo. Familia nyingine zililazimishwa kutoa kijana aingie msituni. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi kwa Operesheni Okoa Maisha. Maelfu ya wanaume walizolewa, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakapigwa na kuteswa. Wengine wakashtakiwa Bungoma, na wengine hawakuonekana tena. Matakwei aliuawa Mei mwaka huohuo.

Mtoto aliyezaliwa mwaka 2007 alitimiza miaka 18 mwaka 2025. Anakwenda kuomba kitambulisho, anaulizwa habari za baba. Ndipo maswali yanapoanza, na mama anajibu nusunusu, kwa sababu mwanamume mmoja aliweza kuwa yote mawili: aliyebebeshwa bunduki na SLDF mwaka 2007, kisha aliyeteswa na wanajeshi mwaka 2008. Darasani, mtoto wake huenda ameketi dawati moja na mtoto wa mtu aliyekatwa sikio. Kumuse si mila ya Wasabaoti, lakini hata taratibu zao wenyewe za mazishi zinahitaji mwili, na mwili haupo. Mjane wa aliyetoweka hana kaburi la kumwonyesha mwana. Jalada, kama liko, liko mikononi mwa wale walioendesha kambi, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Mei 2013 kwa kiasi kikubwa haijatekelezwa.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba achukuliwe kuwa amekufa. Mahakama Kuu ina vituo Bungoma na Kitale, na tamko lake humsaidia mjane kurithi shamba. Halimwambii mwana kama baba aliingia msituni kwa hiari, wala alifia wapi. Majibu hayo wanayo watu walio hai: walioandika majina Kapkota, walioendesha malori, na wale waliokuwa naye msituni, ambao leo wanalima viazi na vitunguu Kopsiro na Cheptais. Wengi wao wangali na nguvu na kumbukumbu zao, na kizazi kilichozaliwa katika vita hivyo kimeshafika umri wa kuuliza.