Jiwe la Wakulima: Sauti ya Mtawaliwa katika Afrika ya Warumi

Tunapohakiki maudhui ya ukoloni, aghalabu tunauliza maswali mawili: mtawala alileta nini, na alinyang'anya nini? Kuna swali la tatu ambalo watahiniwa wengi hulisahau: mtawaliwa mwenyewe alisema nini, na kwa lugha ya nani? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kutumia mfano wa mbali, yaani jimbo ambalo Warumi waliliita Afrika, katika nchi inayoitwa Tunisia leo.

Warumi waliuteketeza mji wa Carthage mwaka wa 146 KK na kuitwaa ardhi yake. Baadaye jimbo hilo likawa ghala la ngano ya kuilisha Roma. Miji ilijengwa, ikawa na mabafu, mahakama na shule za Kilatini. Waliosoma walipanda ngazi. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alitawazwa kuwa Kaisari mwaka wa 193 BK.

Hata hivyo, ngazi hiyo ilikuwa na masharti, na sharti la kwanza lilikuwa lugha. Apuleius, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa Madauros (Algeria ya leo), alishtakiwa mahakamani mnamo 158 BK. Katika utetezi wake alimkejeli mwanawe wa kambo kwamba hasemi ila Kipuniki na Kigiriki kidogo, na kwamba Kilatini kimemshinda. Tazama, msomaji: Mwafrika anamcheka Mwafrika mwenzake kwa kuzungumza lugha ya Carthage! Walakini lugha hiyo haikufa upesi. Zaidi ya miaka 500 baada ya Carthage kuanguka, Augustine wa Hippo alikuwa bado akitafuta askofu ajuaye Kipuniki kwa ajili ya mji mdogo wa Fussala.

Je, mkulima aliyeipanda ngano hiyo alisema nini? Jibu moja limechongwa kwenye jiwe lililopatikana Souk el-Khemis, nchini Tunisia. Ni ombi la wakulima waliokuwa wapangaji katika shamba kubwa la Kaisari, nalo liliandikwa mapema katika miaka ya 180 BK, enzi ya Commodus. Sheria iliwataka wamfanyie kazi mkodishaji mkuu wa shamba siku 6 tu kwa mwaka: 2 za kulima, 2 za kupalilia na 2 za kuvuna. Wao walidai kwamba mkodishaji huyo, Allius Maximus, aliwaongezea kazi huku akiwahonga wasimamizi wa Kaisari ili wafumbe macho. Walipolalamika, askari walitumwa. Baadhi walikamatwa na kufungwa, wengine wakachapwa viboko ilhali walikuwa raia wa Roma.

Ndugu mwalimu, lisome jiwe hili kama unavyosoma matini yoyote ya fasihi. Nafsineni ni wanyonge wanaozungumza kwa wingi. Toni ni ya unyenyekevu: wanajiita watu maskini wanaoishi kwa kazi ya mikono yao. Lakini chini ya unyenyekevu huo mna ujasiri mkubwa. Wanaitaja sheria ya Hadrian, Kaisari aliyetawala kati ya 117 na 138 BK, kama kwamba wanamwambia mtawala: hili ni neno lako mwenyewe, lishike. Aidha, wamemwandikia kwa Kilatini, lugha ya mshindi, kwa kuwa Kipuniki kisingefika mbele ya kiti chake.

Commodus aliwajibu kwamba wasitozwe kazi kupita siku mbili mara tatu. Nao wakalichonga jibu hilo kwenye jiwe. Kwa nini jiwe? Bila shaka walijua kwamba barua hupotea na wasimamizi hubadilika. Jiwe lilikuwa shahidi wao.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuwa makini. Mtahiniwa akisema kwamba jiwe hili linathibitisha wema wa sheria za Roma, mkumbushe viboko. Akisema kwamba wakulima walikuwa wahanga wasio na sauti, mkumbushe nani aliyelichonga. Utawala wa Roma uliwapa watu wa jimbo lile lugha na sheria za kudai haki, kisha ukawatoza gharama kubwa kila walipothubutu kuzitumia. Yote mawili ni kweli, na jibu linalotaja moja tu limepungukiwa.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hivyo, unapowapa wanafunzi wako kazi nyingine inayohusu mtawala na mtawaliwa, iwe riwaya, tamthilia au shairi, wape maswali haya: Ni nani anayezungumza? Anatumia lugha ya nani? Anamwambia nani? Na kusema kwake kumemgharimu nini? Mwanafunzi atakayeyajibu kwa ushahidi kutoka katika matini hatakariri tena kwamba mkoloni alileta hiki na akachukua kile. Atakuwa amemsikia mtawaliwa mwenyewe.