Creon, mfalme wa Thebes

Creon ni mfalme wa mji wa Thebes katika Antigone, tanzia ya Sophocles iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Athens takriban mwaka 441 KK. Katika fasihi ya Ugiriki ya kale, ni vigumu kumpata mtawala aliyejiangamiza kwa amri yake mwenyewe waziwazi kama yeye.

Chanzo cha mgogoro

Eteocles na Polynices, wana wa Oedipus, waligombea ufalme wakauana kwenye malango ya Thebes. Creon, mjomba wao, akashika utawala. Aliagiza Eteocles, aliyeulinda mji, azikwe kwa heshima zote. Polynices, aliyekuja na jeshi la Argos, aachwe aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika auawe.

Amri hiyo haikuwa ya kichaa. Mji ulikuwa umetoka vitani, na Athens yenyewe ilikataza wasaliti kuzikwa katika ardhi yake. Creon alizidisha pale alipoinyima maiti kaburi la aina yoyote. Kwa Wagiriki, kuwazika wafu ni wajibu uliotoka kwa miungu, na hakuna mfalme aliyeweza kuufuta.

Maonyo aliyoyapuuza

Antigone, dada wa marehemu, alimzika kaka yake kwa kumnyunyizia vumbi. Alipokamatwa hakukana, akasema kuwa sheria za miungu ziko juu ya tangazo la mwanadamu. Creon aliona aibu kushindwa na mwanamke, akaamuru afungiwe akiwa hai katika pango, na chakula kidogo ili mji usipate najisi ya kifo chake.

Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, alikuja kwa adabu. Alimwarifu baba yake kuwa raia wananong'ona wakimhurumia binti huyo, akamsihi alegeze msimamo. Creon alimjibu kwa matusi.

Kisha akaja Tiresias, mtabiri kipofu. Alieleza kuwa miungu inazikataa sadaka za Thebes, kwa sababu mfalme ameupindua utaratibu wa dunia: aliye hai amefukiwa, na aliyekufa ameachwa juu ya ardhi. Creon alimshutumu kuwa amehongwa. Hapo ndipo Tiresias alipomtabiria kuwa atalipa maiti kwa maiti, kutoka katika damu yake mwenyewe.

Anguko

Creon aliogopa, akaomba ushauri kwa wazee wa mji, ambao ndio korasi ya tamthilia hii. Walimwambia amfungue kwanza binti, kisha amzike marehemu. Yeye alianza na mazishi. Alipofika pangoni, Antigone alikuwa amejinyonga. Haemon alimrukia baba yake kwa upanga akamkosa, akajiua. Habari zilipomfikia Eurydice, mke wa Creon, naye alijiua huku akimlaani mumewe. Creon alibaki hai, akikiri kuwa kosa ni lake.

Majaliwa na hiari

Oedipus alitabiriwa kabla ya kuzaliwa. Hatima yake ilimtangulia. Utabiri juu ya Creon ulitolewa baada ya kosa, na baada ya watu kadhaa kumwonya bure. Ndiyo maana anguko lake linauma zaidi: kila hatua ilikuwa na njia ya kurudi.

Mwanafalsafa Mjerumani Hegel aliona katika tanzia hii mgongano wa haki mbili, ya dola na ya familia. Maoni hayo yana uzito, kwani Creon anatetea mji kwa dhati. Hata hivyo, Sophocles hakuiacha mizani sawa: miungu inazikataa sadaka, mtabiri anasadikika, na mfalme mwenyewe anajitia hatiani.

Athari

Jean Anouilh aliiandika upya hadithi hii, na toleo lake likaigizwa Paris mwaka 1944 chini ya ukaliaji wa Wajerumani. Nchini Afrika Kusini, Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona waliiingiza katika tamthilia ya wafungwa, The Island (1973). Nelson Mandela aliigiza nafasi ya Creon akiwa mfungwa katika Robben Island. Katika tawasifu yake alitoa hukumu ambayo wasomaji wengi wa Sophocles wataikubali: ukaidi wa Creon haumfai kiongozi, kwa maana haki lazima ichanganywe na huruma.