Siku Ambazo Msafara Haukutembea

Msafiri Mwingereza Richard Burton aliingia Kazeh, ambayo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa siku ya 134 tangu aondoke pwani, na kwamba alikuwa amekata maili zisizopungua 600, karibu kilomita 970. Nilipokuwa nafundisha historia hapa Tabora, hesabu hiyo niliiandika ubaoni kabla ya kusema lolote jingine: haya, gawanyeni. Inatoka kilomita saba na kidogo kwa siku. Sasa mpagazi wa Kinyamwezi, mwenye mzigo wa kilo 30 begani, alizoea kutembea kilomita kumi na tano, hata ishirini njia ikiwa njema, kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nusu ya siku zile, au zaidi, msafara ulikuwa umekaa.

Vitabu vya shule huichora njia ya kati kwa mshale mmoja: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji. Nimeutumia mshale huo miaka mingi, na naamini kwa dhati kuwa unatuficha jambo kubwa. Kutembea kila mtu alijua. Ujuzi ulikuwa kujua pa kukaa na kukaa kwa muda gani, na mara nyingi mwenye msafara hakuwa na neno la mwisho katika hilo.

Chukua chakula. Mpagazi alihesabiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, mtama au uwele au mahindi, na chakula hicho hakikutoka pwani, maana mabega yote yalikuwa yamejaa nguo, shanga na nyaya za shaba. Kilinunuliwa njiani. Mara nyingi mtu alipewa posho yake kwa kitambaa, merikani au kaniki, akajitafutie. Basi asubuhi anakwenda kijijini na kipande chake cha nguo, anapatana bei, anaambiwa shanga hizi huku hazipendwi, anarudi kambini kuomba za rangi nyingine, anakwenda tena. Akipata mtama bado ni punje. Lazima utwangwe, usagwe. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, na siku kama hiyo kambi ilijaa sauti ya mchi na jiwe la kusagia tangu asubuhi hadi jioni. Penye mavuno mema walikaa siku mbili au tatu, kila mmoja ajaze mfuko wake kabla ya kuingia pori lisilo na watu. Penye njaa walipita haraka, hata kama mabega yalikuwa yamechubuka.

Burton alikuwa mkali sana kwa wapagazi, na maneno mengi aliyoyaandika juu yao siyapendi. Lakini alikuwa na jicho la kuona, na wakati wa alfajiri kambini ameueleza vizuri kuliko mtu yeyote. Jogoo wamekwisha kuwika. Jana usiku watu waliahidi kuondoka mapema. Sasa wamejikunyata kando ya moto, baridi imewakaa mwilini, wananong'onezana. Mmoja analalamika, mwingine anaitikia, na mwenye msafara ndani ya hema ametega sikio, hawezi kufanya kitu. Wakikubaliana kukaa, siku imekwenda, na yeye arudi tu kulala. Wakigawanyika, wanaotaka safari hupaza sauti, kirangozi, kiongozi wa njia, anashika bendera yake nyekundu, pembe ya barghumu inapulizwa, na kila mtu anakimbilia mzigo wake. Pale motoni, gizani, ndipo lilipoamuliwa kama leo ni siku ya kutembea au ya kukaa.

Mpwapwa wote walikaa. Hapo palikuwa na maji ya mlimani, na mbele yake palikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu ambayo maji yake machache ni machungu. Nyika hiyo ilivukwa kwa terekeza: unaondoka mchana umeshakula, unatembea hadi usiku, unalala bila maji, unaamka na kumaliza asubuhi. Hakuna aliyeianza bila kujaza vibuyu na kupumzisha miguu. Tena msafara mdogo ulisubiri Mpwapwa hadi mwingine ufike, waingie Ugogo wakiwa wengi. Ukiwa na watu thelathini, ulikaa mpaka Mungu akuletee wenzako.

Ndani ya Ugogo mwenye kuamua alikuwa mtemi. Kila mtemi alitaka hongo, yaani ushuru wa kupita, na haikutolewa kwa haraka. Wajumbe walikwenda na nguo, zikarudishwa kuwa ni chache, wakaongeza, wakaambiwa mtemi yuko kwenye pombe, waje kesho. Kwa Magomba wa Kanyenye, ambaye Burton alimkuta na mwandishi wa habari Stanley naye akampita mwaka 1871, hakukuwa na njia ya mkato. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira kuwa ule ni unyang'anyi. Mimi sikubaliani nao. Ugogo mvua ni haba, na visima wasafiri walivyovikuta vilichimbwa na kutunzwa na Wagogo kwa ajili ya ng'ombe wao. Msafara wa mamia ya watu ukikaa siku mbili unakausha kisima ambacho kijiji kimekitegemea kwa kiangazi kizima. Mtu aliyetoza kitu kwa maji hayo, na kumweka mgeni hadi wapatane, alikuwa anatawala nchi yake.

Kisha Mgunda Mkali, pori la siku nyingi, na baada yake Unyanyembe. Hapa kwetu kukaa kulikuwa kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa hapa msafara ulivunjika. Wapagazi walikuwa wamefika nyumbani. Walichukua haki yao wakaenda zao, na mwenye mali aliyetaka kuendelea Ujiji alilazimika kuandika watu wapya. Burton alifika Novemba, mvua zikianza, wakati ambao Mnyamwezi anafikiria jembe. Alikaa zaidi ya mwezi. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, alimkaribisha, na mengi ambayo Ulaya ilikuja kuyasoma juu ya maziwa yetu yalisimuliwa katika baraza la mzee huyo. Burton na mwenzake Speke waliporudi kutoka Ujiji mwaka 1858 walikaa tena, safari hii miezi mitatu. Speke akatumia siku hizo kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akasimama mbele ya Nyanza. Ziwa hilo liliingia katika ramani zao kutokana na kukaa Tabora.

Stanley alifika Juni 1871 akaondoka Septemba, kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya magharibi. Mwaka uliofuata mmisionari Livingstone alibaki Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi 14 hadi Agosti 25, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Miezi mitano! Nyumba ya tembe ya Kwihara ni makumbusho sasa, na wageni huizunguka kwa nusu saa kisha wanauliza gari liko wapi.

Kuna kukaa kumoja zaidi ambako sijawahi kukufundisha bila kuguswa. Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kuuleta pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta, naye amenaswa hapo hapo kwa homa na uhaba wa watu. Cameron alishauri mzee azikwe hapa, yaishe. Walikataa. Walikwisha kuamua wenyewe kuwa hapa ni pa kupumzika tu. Huko mbele, watu wa njiani walipokataa maiti ipite katika nchi yao, waliufunga mwili kama mtumba wa nguo na kuupitisha. Februari 1874 wakautua Bagamoyo. Wengi wao walilipwa mshahara hapo pwani na kuambiwa wanaweza kwenda.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wapagazi wa njia ya kati wakakosa kazi. Hata hivyo maji hayakuacha kuamua. Injini za mvuke zilihitaji kujazwa njiani, na treni ilisimama penye tangi, abiria wapende wasipende. Mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika, baadaye likaja la Mpanda, na Tabora ikawa tena mahali pa kuvunjia safari: treni iliyotoka Dar es Salaam ilikatwa hapa, mabehewa ya Kigoma yakaenda huku, ya Mwanza kule. Abiria walisubiri kwa saa nyingi.

Mama yangu aliuza chakula stesheni hiyo nilipokuwa mdogo. Ratiba ilibandikwa ukutani, na yeye hakuitazama. Alitazama watu wa reli. Wakisimama wakizungumza na dereva, alitoa ndizi na karanga, vitu vya kupokelewa dirishani, kwa kuwa treni itaondoka upesi. Wakishuka kati ya mabehewa kufungua vishikizo, alinituma nyumbani kuwaambia dada zangu waweke sufuria ya wali motoni.