Doa Chini ya Ukucha

Barazani kwetu Jang'ombe ukimtaja Bob Marley, hukosi mtu wa kukwambia kuwa mpira ndio uliomuua. Mtaa uliozaa Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe huiamini hadithi hiyo bila ya taabu. Ni kweli kuwa mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira. Lakini si jeraha lililoleta maradhi. Kidole kilipokataa kupona kilipimwa, ikaonekana melanoma, yaani saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi yake, chini ya ukucha.

Nikiifuatilia historia ya maradhi haya, naona sehemu kubwa imeandikwa kutokana na ngozi za wazungu. Mwaka 1820 daktari Muingereza, William Norris, alieleza habari za mgonjwa aliyeota uvimbe kwenye baka la tumboni, zile alama nyeusi au za kahawia ambazo wengi wetu tunazo. Baba yake mgonjwa alikufa kwa maradhi kama hayo, na watoto wake walikuwa na mabaka mengi. Norris akahisi kuna jambo linalorithiwa. Mwaka 1978, huko Marekani, Wallace Clark na wenzake wakaeleza mabaka yasiyo ya kawaida katika familia zenye melanoma: makubwa, yenye kingo zisizo wazi na rangi za kuchanganyika.

Mwaka 1985 madaktari wa New York wakatoa kanuni ya kuangalia: baka lisilolingana pande zake, lenye kingo zilizochakaa, lenye rangi zaidi ya moja, linalopita milimita 6. Mwaka 2004 ikaongezwa alama ya tano: baka linalobadilika. Hapa tuelewane. Baka la namna hiyo si lazima liwe saratani, na mengi hayageuki kabisa. Ila mwenye nayo mengi yumo hatarini zaidi, khasa akiwa na jamaa aliyeugua melanoma.

Sasa sisi weusi je? Kwetu melanoma ni haba, lakini ikija hupenda kuja kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, na hapo jua si la kulaumiwa. Kanuni ya mabaka ya mgongoni haimtumi mtu ageuze mguu wake autazame. Doa likionekana, tunasema ni mwiba, au nimejikwaa. Na hapa Unguja tuna hina na piko, pambo zuri, lakini hufunika kucha na nyayo palepale panapotakiwa kuangaliwa.

Marley alishauriwa akatwe kidole, akakataa. Akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Aprili 1980 aliimba kwenye uhuru wa Zimbabwe. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami, ana miaka 36.

Basi mstari mweusi unaopanuka ukuchani, doa la unyayoni linalokua, au kidonda kisichopona, tusivingoje. Twende tukamuoneshe daktari. Na wanawake wanaotia hina, ambao hushika miguu ya watu wengi kuliko daktari yeyote, nao waambiwe wakiona doa wasilipake juu yake wakanyamaza.